Mmea Usiosubiri Usiku

Juni iliyopita binamu yangu anayeishi Bremen, Ujerumani, alinipigia simu ya video. Mombasa ilikuwa saa nne na nusu usiku; nishakula, nishafunga mlango wa uani, nimejilaza chini ya feni. Kwake ilikuwa saa tatu na nusu na jua lingali dirishani, kama mgeni asiyejua kuaga. Alitaka nione roshani yake. Palikuwa na vyungu vitatu, na ndani ya kila chungu mche wa bangi.

Vitatu, si vinne. Sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika Aprili 2024 inamruhusu mtu mzima kupanda miche 3 nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Sheria ya kitaifa ya Canada inaruhusu 4 kwa kila nyumba tangu 2018. Kenya haina hesabu ya namna hiyo: chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994 hata mche mmoja ni kosa, na anayepatikana na hatia ya kupanda anaweza kufungwa hadi miaka 20. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza mbegu zinauzwa wapi. Mimi nilivutiwa na jambo jingine.

Miche miwili ilikuwa mifupi, haifiki kiunoni, na tayari imejaa maua. Wa tatu ulikuwa umerefuka, majani matupu. Yote mitatu ilipandwa wiki moja. "Huu mrefu unangoja," akaniambia. "Hii mingine haina habari na jua."

Unangoja nini? Mtu aliyezaliwa Mombasa ana haki ya kuuliza, maana huku kwetu hakuna cha kungoja. Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa, ule wa Desemba, unauzidi mfupi wa Juni kwa kama nusu saa tu. Kila aliyewahi kufunga Ramadhani hapa anajua: mwezi ukiangukia Februari au Novemba, adhana ya magharibi husogea kidogo, lakini tende huwa mkononi kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Sasa muulize aliyefunga Ulaya kaskazini Juni ya 2016. Atakusimulia saa 18 na zaidi bila tone la maji. Bremen mchana wa Juni unafika karibu saa 17, na wa Desemba haufiki saa 8. Binadamu huko hununua pazia zito akalala. Mimea haina pazia, kwa hiyo ilijifunza kuhesabu.

Bangi ya kawaida huhesabu usiku. Mbegu ikiota wakati usiku ni mfupi, mche hujenga shina na majani tu. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, kwa aina nyingi ni kati ya saa 10 na 12, mmea hupata habari kwamba mwaka unaisha na sasa ni wakati wa maua na mbegu. Nimesema usiku, sikusema mchana, na tofauti hiyo si ya mzaha. Mwaka 1938 watafiti Hamner na Bonner walionyesha, kwa kutumia gugu moja la Marekani, kwamba ukiukata usiku mrefu kwa mwanga wa muda mfupi tu, mmea husahau hesabu yote na kuanza upya. Mmea wa tabia hiyo ukiota chini ya mlingoti wa taa za mulika mwizi pale Likoni, utaona usiku haujaingia kamwe.

Mtu wa kwanza kuikaribia siri hii aliikaribia kwa bangi yenyewe. Mfaransa Julien Tournois, mwaka 1912, aliona katani (si mkonge, ni bangi ya kutoa nyuzi) na mihopi, mmea wa kutia ladha kwenye bia, iliyolelewa ndani ya vibanda vya vioo ikichanua mapema kupita kiasi pale ilipopewa mwanga kwa saa chache tu kila siku. Alikuwa bado anaifuatilia sababu vita vya 1914 vilipomchukua na kumuua. Sifa ikawaendea Wamarekani wawili, Garner na Allard, waliochapisha kazi yao mwaka 1920. Wao walikuwa na tumbaku iliyorefuka kumpita mtu bila kutoa ua hata moja mpaka baridi ikaiua. Wakajenga kibanda chenye giza, wakawa wanaiingiza mimea humo kila alasiri na kuitoa asubuhi, kama mtu anavyofungia mbuzi wake. Ikachanua katikati ya kiangazi.

Turudi Bremen. Mche unaongoja usiku mrefu utaanza maua Agosti na kukomaa Oktoba. Oktoba ya Ujerumani kaskazini ni mvua na ukungu, na maua ya bangi, yaliyoshikamana kama ngumi, yanaoza kutoka ndani. Anayepanda ndani ya nyumba huepuka hayo kwa taa na saa ya kuzima: saa 18 za mwanga hadi mche ukue, kisha saa 12 kwa 12. Lakini hapo anahitaji chumba kisichopenya mwanga hata wa tundu la ufunguo. Mwenye roshani hana chumba hicho, na jirani wa juu anaona kila kitu kilichorefuka. Hilo ndilo tatizo lililozaa bangi ya kujichanulia, ambayo kule huitwa otoflawa, au oto kwa kifupi. Halikuwa tatizo la mkulima mkubwa. Lilikuwa la mtu mwenye vyungu vitatu.

Dawa ilitoka kwa gugu. Mwaka 1924 mtaalamu wa mimea Mrusi, Janischewsky, alieleza bangi mwitu iliyokuwa ikiota upande wa mto Volga, kwenye vifusi na kando za njia. Akaipa jina la Cannabis ruderalis, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kifusi. Wataalamu bado wanabishana kama ni spishi peke yake au ni ndugu tu wa bangi nyingine aliyekulia mtaa mbaya. Mimi nawaachia ubishi huo. Lenye maana ni kwamba kiangazi cha huko ni kifupi mno, na mmea ukingoja usiku urefuke, baridi itaukuta bado na maua machanga. Kwa hiyo hii imeacha kuhesabu usiku, inahesabu umri wake. Ikitimiza wiki tatu, nne, inachanua, jua liwepo au lisiwepo.

Ubaya wake ni kwamba haikuwa na kingine cha kumvutia mpandaji. Ilikuwa fupi, maua haba, na THC, kemikali inayolevya, kidogo sana. Miaka ya 1980 wauza mbegu wa Uholanzi, akiwamo Nevil Schoenmakers, waliizalisha na aina zao zenye nguvu. Matokeo yalikuwa mseto usioeleweka: baadhi ya miche ilichanua yenyewe, mingine ikangoja, na mnunuzi hakujua amepata ipi mpaka muda umeshapita. Mbegu hizo hazikupata jina zuri.

Ili kuelewa kwa nini ilikuwa vigumu hivyo, acha nichukue mfano ambao familia nyingi za Pwani zinaujua kwa machungu: seli mundu. Baba ana jeni moja yenye kasoro na moja nzima, mama vilevile. Wote wazima, hawaumwi. Katika kila mimba yao kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapata zile mbili zenye kasoro na kuugua. Tabia ya kujichanulia hurithiwa kwa mtindo huo huo. Jeni moja haitoshi; mmea lazima upate mbili, moja kwa kila mzazi. Ukichavusha bangi ya kawaida kwa chavua ya oto, watoto wote watangoja usiku. Huenda wakawahi kidogo, na siku hizi kuna wanaouza mbegu hizo kama aina ya haraka, lakini si oto. Tabia imejificha. Itatokea kwa wajukuu, ukiwazalisha ndugu kwa ndugu, na hapo ni mmoja kati ya wanne.

Fanya hesabu sasa. Umepanda mbegu 100 za wajukuu. Kama 25 zitajichanulia. Bangi ina dume na jike, kwa hiyo majike ni kama 12. Kati ya hao 12 unamtafuta mwenye maua mengi, harufu nzuri, shina imara na kemikali ya kutosha, na kila moja ya sifa hizo inaongozwa na jeni nyingi zinazogawanywa kwa bahati. Anayezalisha kwenye kabati la chumba cha kulala hana nafasi ya miche 100. Ana 20. Kwake hao wanaojichanulia ni 5, na anachagua sio aliye bora bali aliyepatikana.

Halafu bado damu ya gugu ni nusu. Njia ya kuipunguza ni kumrudisha mtoto kwa upande wa mzazi mwenye nguvu: nusu inakuwa robo, robo inakuwa asilimia 12.5, kisha 6.25. Mfugaji wa mbuzi anayetaka kuhamisha sifa moja ya mbuzi wa kienyeji kwenye kundi la mbuzi wa maziwa hufanya vivyo hivyo. Ila kila ukirudisha, tabia ya kujichanulia inajificha tena, na lazima upite kizazi kingine cha ndugu kwa ndugu ili uione. Hatua moja mbele inakula vizazi viwili.

Aliyeifanya hesabu hiyo ilipe alikuwa mzalishaji wa Canada aliyejiita Joint Doctor. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitoa aina iitwayo Lowryder. Alianza na mmea wa kujichanulia ulioitwa Mexican Rudy, akauchanganya na Northern Lights na William's Wonder, aina mbili zilizokuwa na sifa kubwa kwa wapandaji wa ndani. Akachagua mpaka kila mbegu ikawa inajichanulia bila kukosa. Lowryder ilikuwa ndogo mno, watu waliicheka, unaweza kuilea kwenye kopo la rangi. Lakini kutoka mbegu hadi mavuno ilichukua kama miezi miwili. Mimi naona thamani yake haikuwa kwenye mavuno. Alichowapa wenzake ni mzazi safi: kuanzia hapo mtu hakulazimika tena kwenda kwa gugu la kifusi kuomba jeni, aliichukua ikiwa tayari imevikwa nguo za heshima. Karibu oto zote za miaka iliyofuata zilipita mlango huo au milango michache iliyofanana nao.

Kuna ugumu mmoja ambao wauzaji hawauandiki kwenye pakiti, nao kwangu ndio unaovutia kuliko yote. Chukua embe. Mkulima wa Kilifi akipanda kokwa la ngowe, atasubiri miaka mingi kuona tunda. Akipandikiza kijiti cha mwembe mkubwa kwenye mche mdogo, mwaka wa tatu anaweza kuwa anakula embe. Kile kijiti ni kifupi kama kidole lakini umri wake ni wa mama yake, kimeshabaleghe. Kwa mwembe hiyo ni neema. Kwa bangi ya kujichanulia ni balaa. Kata tawi la oto, lipande, litatoa mizizi, lakini saa yake inaendelea pale ilipofika ya mama. Litachanua siku ile ile anayochanua mama, likiwa kijiti.

Maana yake nini? Mzalishaji wa bangi ya kawaida anaweza kumweka jike kwenye mwanga mrefu miaka mitano, awe anakata matawi, ajaribu, apime, arudi kumzalisha akishajua ubora wake. Mzalishaji wa oto hana mama wa kuhifadhi. Siku anayopaswa kumchavusha jike, maua ndiyo kwanza yanatoka. Harufu, uzito na nguvu havijajulikana. Anachavusha kwa kubahatisha, anavuna, anapima, na mara nyingi anakuta aliyemchagua si yule aliyestahili. Basi inabidi achavushe wengi, aweke mbegu za kila jike kwenye bahasha yake, na ahukumu wazazi kwa kuwatazama watoto. Ni kazi ya daftari kuliko ya mikono. Kilichomwokoa ni kwamba kizazi kinakwisha kwa wiki 10 hivi, hivyo kwa mwaka anaweza kupitisha vinne, hata vitano. Mwenye subira na daftari zuri alipiga hatua kubwa ndani ya miaka michache, na ndivyo ilivyokuwa kati ya 2008 na 2015: mimea ikarefuka ikapita mita, wiki 8 zikawa 10 au 11 kwa hiari, maana mmea uliopewa siku chache zaidi za majani hubeba maua mengi zaidi.

Palepale ikaingia teknolojia ya mbegu za jike tupu. Jike la bangi likizuiwa homoni fulani kwa madini ya fedha hutoa maua ya dume, na chavua yake haina kromosomu ya kiume, kwa hiyo mbegu zote huwa majike. Kwa mwenye ruhusa ya miche mitatu hilo si anasa. Dume moja kwake ni theluthi ya shamba.

Na nguvu? Wauzaji wa leo hutangaza oto zenye THC ya asilimia 20 na zaidi. Kwamba zimepanda sana sina shaka, kwa sababu jeni ya kujichanulia na jeni za THC ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa. Udhaifu wa zamani ulikuja na mabaki ya gugu, haukuwa sehemu ya saa. Lakini namba ya pakiti nisingeiapia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu bangi ya madukani Colorado ulikuta sampuli nyingi ziko chini ya kilichoandikwa kwenye lebo, na hiyo ni bangi iliyopita maabara. Pakiti ya mbegu haijapita popote.

Hatua ya karibuni zaidi mkulima wa mahindi wa Pwani ataitambua bila kuelezwa. Kuna wanaozalisha mistari miwili ya oto, kila mmoja kwa ndugu kwa ndugu mpaka ufanane kama matofali, kisha wanaikutanisha. Watoto wanatoka sawasawa na wenye nguvu, kama Pwani Hybrid shambani Mtwapa. Na kama ilivyo kwa mahindi hayo, ukihifadhi mbegu zake ukapanda msimu ujao, unapata kila rangi. Mkulima anaiita hasara. Muuzaji anaiita biashara.

Sasa, hiyo saa iliyoharibika ni kitu gani hasa? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha sehemu ya jenomu (mkusanyiko wa jeni zote) ya bangi inayobeba tabia hii, wakaiita Autoflower1. Kazi nyingine iliyofuata ilikuta kwamba katika oto kuna jeni ya saa ya ndani ya mmea, ya ukoo uitwao PRR, iliyokatwa vibaya hata haifanyi kazi yake ya kuzuia maua wakati usiku ni mfupi. Hakikuongezwa kitu. Breki imekatika. Ndiyo maana zinahitajika jeni mbili: ikibaki breki moja nzima, gari bado linashikika.

Na hapa ndipo niliposhtuka, kwa sababu ukoo huo wa jeni nilishausoma kwingine, kwenye mtama. Mtama ni wetu, wa Afrika, umezoea usiku mrefu wa kitropiki. Ulipofikishwa Marekani, aina nyingi zilirefuka Texas kiangazi kizima bila kutoa suke. Wakulima wakaokota zile chache zilizowahi, na mwaka 2011 ikaja kujulikana kwamba breki iliyokatika kwenye mtama huo ni PRR37. Serikali yao ilianza mpango maalumu mwaka 1963 wa kuigeuza mitama ya kitropiki ifae Texas: wakiichavusha Puerto Rico, ambako usiku ni mrefu wa kutosha, wakichagua wajukuu wafupi na wa kukomaa mapema Texas, kisha wakirudisha tena kwa mzazi wa Afrika. Ni mzunguko ule ule wa kuficha na kufichua. Wazalishaji wa bangi walirudia makabatini, kwa kujificha polisi, kazi ambayo serikali ilishaifanya mchana kweupe kwa nafaka ya ugali wa bibi yangu.

Nilimweleza binamu haya akaniuliza, basi oto ingefanyaje Mombasa? Swali ni la kinadharia na jibu lake linachekesha. Saa 17 za mwanga ndizo zinazoifanya mimea yake miwili inenepe ndani ya muda mfupi iliyopewa. Kwetu ingepata saa 12, umri ule ule, chakula pungufu, ingetoka kibeti. Na aina za Ulaya zinazohesabu usiku zingekuwa taabani zaidi: zingeota, zikaukuta usiku mrefu tangu siku ya kwanza, zikaharakisha kuchanua zikiwa hazijakua. Bangi za ukanda wa ikweta zilitatua hilo zamani kwa njia yao, hazishtuki haraka kwa giza na huchanua polepole kwa wiki nyingi. Hizo nazo ukizipeleka Bremen, theluji itazikuta.

Mwisho wa Agosti akaniandikia: ule mrefu umeanza. Miwili ya kwanza alishaivuna Julai. Nikatazama saa ya magharibi ya Bremen siku ile, ilikuwa saa mbili na dakika kumi hivi. Yetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu kasoro dakika chache, karibu pale pale ilipokuwa Juni aliponipigia.